Kingamwili na Kiuno cha Kromosomu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani kwetu, upande wa magharibi wa Manyoni, na huko babu yangu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Ilikuwa jioni, nasi tumekaa nje ya zizi. Zizi lile lilipata kuwa na ng'ombe 14; siku hiyo walikuwamo 5 tu. Kiangazi cha mwaka uliotangulia, malisho yalipokwisha karibu na kijiji, babu aliwapeleka ng'ombe wake ndani zaidi porini, kuelekea Rungwa. Huko kulikuwa na majani na maji, lakini palikuwa na mbung'o vile vile. Ng'ombe waliporudi walikuwa wamekonda, manyoya yamesimama, macho yanatoka machozi. Tisa walikufa kabla ya mvua za kwanza.

"Mjukuu wangu," akasema babu, "wewe wasoma elimu ya viumbe. Umeniambia mwalimu wenu aliwaeleza habari za mabwana wa Ulaya wanaohesabu vitone ndani ya kijidudu cha mbung'o. Vitone hivyo vina faida gani kwa ng'ombe wangu?"

Nilinyamaza. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu nikamsimulia. Akaniambia, "Soma habari hizo mpaka uzielewe, kisha ziandike katika gazeti letu. Tena ziandike kwa Kiswahili, ili babu yako asomewe." Basi makala haya ni jibu langu kwa babu, nami nawaomba wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi wayasome pamoja naye.

Hapana budi nianze na kitu tulichokiona kwa macho yetu wenyewe. Katika maabara yetu tulikata ncha za mizizi ya kitunguu, tukazipasha moto katika asidi dhaifu, tukazitia rangi, tukazibonyeza juu ya kioo na kuzitazama kwa hadubini. Katika seli nyingi tuliona kiini kama doa la mviringo tu. Lakini katika seli chache, zile zilizokuwa zikigawanyika, doa lile lilikuwa limegeuka kuwa nyuzi fupi nene, mfano wa vipande vya kamba vilivyotupwa chini. Hizo ndizo kromosomu, nazo ndizo zinazobeba urithi wa kila kiumbe. Mjerumani mmoja, Walther Flemming, alizieleza nyuzi hizo na mwendo wake kwa urefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1882.

Kila kiumbe kina hesabu yake ya kromosomu. Kitunguu kina 16. Uwele wetu una 14, mtama una 20, na mizabibu ya Dodoma ina 38. Ng'ombe ana 60, punda ana 62. Binadamu ana 46, na usidhani hesabu hiyo ilijulikana zamani; ilithibitishwa mwaka 1956 na mabwana wawili, Joe Hin Tjio na Albert Levan. Kabla ya hapo vitabu vilisema 48.

Sasa fikirini kazi kubwa iliyo mbele ya seli inapotaka kugawanyika. Kwanza huiga kila kromosomu, ikapata nakala mbili zilizoshikamana. Kisha hapana budi kila seli mpya ipate nakala moja ya kila kromosomu, isipungue wala isizidi. Kwa kazi hiyo seli hutandaza kamba nyembamba kutoka pande mbili. Kamba za upande huu huishika nakala moja, za upande ule huishika ya pili, kisha pande zote mbili huvuta. Lakini kamba hizo hazishiki po pote. Hushika mahali pamoja tu, pale ambapo kromosomu imebanwa ikawa nyembamba kama kiuno. Mahali hapo wataalamu hupaita sentromea. Mimi katika makala haya nitapaita kiuno, kwa kuwa ndivyo panavyoonekana.

Juu ya kiuno hicho hukusanyika protini nyingi za namna mbali mbali, nazo kwa pamoja hufanya kishikizo ambacho kamba huning'inia. Kishikizo hicho huitwa kinetokori. Kikilegea, kromosomu hupotea njia. Mtoto anayezaliwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili huwa na hali iitwayo Down, na seli nyingi za saratani zina hesabu iliyovurugika. Kwa hiyo kitu hiki kidogo si cha kupuuzwa.

Tulipokuwa tukitazama kitunguu, rafiki yangu mmoja aliuliza, "Mwalimu, kishikizo chenyewe kiko wapi? Mimi naona kiuno tu." Swali lake lilikuwa la haki. Protini ni ndogo mno. Hadubini yetu haiwezi kuzionyesha moja moja, na ndani ya seli moja mna maelfu ya aina zake zimechanganyika. Kumtafuta mmoja katika umati huo ni sawa na kumtafuta ndama wako usiku wa giza katika kundi la ng'ombe wa kijiji kizima. Huwezi kumwona. Lakini kama ulimfunga kengele shingoni, huna haja ya kumwona, utaifuata sauti.

Kengele hiyo ndiyo kingamwili.

Kingamwili ni protini ambazo mwili wa binadamu na wa wanyama huzitengeneza katika damu ili kupambana na kitu kigeni. Umbo la iliyo ya kawaida lafanana na panda ya manati: ina mkia mmoja na mikono miwili. Mikono hiyo haishiki kila kitu. Kingamwili moja hushika umbo moja, kama ufunguo na kufuli yake. Nguvu iliyomo katika maji ya damu ilionyeshwa mwaka 1890 na Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, nayo ndiyo iliyozaa dawa za kwanza za pepopunda na dondakoo.

Wataalamu waliona kwamba kitu kinachoshika kwa uaminifu namna hii chaweza kutumika kama chombo cha kazi. Mtu akitaka kuichunguza protini fulani, huchukua kiasi kidogo cha protini hiyo akamdunga sungura. Mwili wa sungura huiona kuwa ni mgeni, ukatengeneza kingamwili za kuishika. Baada ya majuma kadhaa hutolewa damu kidogo, na ndani yake mna kengele za kumfunga yule ndama anayetafutwa. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walipata njia ya kufuga seli zitengenezazo kingamwili ya aina moja tu, bila kikomo. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne.

Kingamwili hizo hufanya kazi tatu, nami nitazieleza moja moja.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha mahali. Seli hukaushwa juu ya kioo, zikatobolewa kwa dawa iliyo kama sabuni ili kingamwili iweze kuingia. Kisha hutiwa kingamwili inayoijua protini ile, na isiyoshika husuuzwa ikatoka. Halafu hutiwa kingamwili ya pili, iliyobeba rangi ing'aayo, ambayo kazi yake ni kuishika ile ya kwanza. Seli hutazamwa gizani kwa mwanga maalumu, na palipo na protini pang'aa kama macho ya fisi mbele ya taa ya gari. Seli ya binadamu inayogawanyika, ikipakwa kingamwili za kiuno, huonyesha vitone viwili viwili, kimoja kwa kila nakala ya kila kromosomu. Hivyo ndivyo vitone alivyovisikia babu.

Kazi ya pili ni kuvuta. Seli hupondwa zikawa mchuzi, na kingamwili hufungwa juu ya chembe ndogo ambazo huvutwa kwa sumaku. Chembe zikitolewa katika mchuzi hutoka na ile protini, na protini hiyo hutoka na jamaa zake wote walioshikamana nayo. Ni sawa na kumvuta fahali aliyefungwa nira: ukimpata mmoja umempata na mwenziwe. Kisha protini hizo hukatwa vipande na kupimwa uzito kwa mashine, na kwa uzito wa vipande hujulikana majina yao.

Kazi ya tatu ni kutambua uwanja. Seli hutiwa fomalini, ile ile inayohifadhi vyura katika chupa za maabara yetu, ili protini igande pale pale ilipokaa juu ya uzi wa DNA. Uzi hukatwa vipande vidogo, kisha kingamwili huvuta protini pamoja na kipande ilichokigandia. Ukingo'a kigingi cha hema pamoja na udongo wake, mtu aijuaye nchi akiutazama udongo huo atakuambia kama ni wa mbugani au wa mlimani. Kadhalika, wataalamu huzisoma herufi za kipande kile wakajua protini ilikaa sehemu gani ya kromosomu.

Lakini msidhani kingamwili haikosei. Huweza kushika kitu kingine chenye umbo linalofanana, kama mbwa anayemrukia mgeni mwenye koti kama la mwizi. Kwa hiyo mtafiti mwaminifu huweka majaribio ya kulinganisha. Hutazama seli zisizo na protini ile. Zikiwaka nazo, ajue amedanganywa. Hutia kingamwili ya pili peke yake bila ya kwanza. Tena hutafuta njia nyingine isiyotumia kingamwili, aone kama majibu yanakubaliana. Nasi tunapoandika ripoti za maabara tukumbuke jambo hili, maana wengi wetu tukipata jibu tunalolitaka hatuulizi tena.

Sasa nije kwenye historia, ambayo ni ya ajabu. Kingamwili za kwanza za kiuno hazikutengenezwa kwa kumdunga sungura. Zilipatikana katika damu ya wagonjwa. Yako maradhi ambayo ngozi hukakamaa na vidole hufa ganzi kwa baridi. Katika maradhi ya namna hii mwili hujisahau, ukatengeneza kingamwili za kuupiga mwili wenyewe. Mwaka 1980 huko Marekani, Bwana Moroi, Bwana Eng Tan na wenzao walitangaza kwamba maji ya damu ya baadhi ya wagonjwa hao, yakipakwa juu ya seli, huwasha viuno vya kromosomu na kuacha sehemu nyingine gizani. Mwaka 1985 William Earnshaw na Bibi Naomi Rothfield walitumia damu ya namna hiyo wakapata protini tatu za kiuno, wakaziita CENP-A, CENP-B na CENP-C. Kwa hiyo wagonjwa wale, kwa damu waliyoitoa, waliwafungulia watu wa dunia nzima mlango uliokuwa umefungwa.

Baadaye ilionekana kwamba CENP-A ni ndugu wa histoni, yaani zile protini ambazo uzi wa DNA huzungushwa juu yake kama uzi juu ya kibiringo. Mahali pa kiuno, histoni moja ya kawaida huondolewa ikawekwa CENP-A, kama alama ya kusema, "Kishikizo kijengwe hapa." Alama hiyo ilipatikana kwa binadamu, kwa nzi, kwa hamira na kwa mimea mingi. Ikadhaniwa karibu viumbe wote wenye kiini hufuata desturi hiyo.

Hapa ndipo anapoingia kijidudu cha mbung'o.

Kijidudu huyo ni tripanosoma. Ni kiumbe wa seli moja, mwenye urefu wa karibu sehemu moja ya arobaini ya milimeta, mwenye umbo la samaki mwembamba na mkia wa kuogelea. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, humnyonya pamoja na damu ya mnyama mgonjwa, akamtia katika mnyama mzima. Bwana David Bruce alimtambua katika ng'ombe wa Zululand katika miaka ya 1890, ndiyo sababu aina moja ikaitwa Trypanosoma brucei. Aina hiyo ndiyo iletayo malale kwa watu. Nchini Uganda, tangu mwaka 1900 hadi 1920, malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Ng'ombe huugua zaidi kwa jamaa zake wawili, congolense na vivax, na ugonjwa wao huitwa nagana.

Kwa nini mwili wa ng'ombe haumshindi? Wenzangu, mwili wa ng'ombe hutengeneza kingamwili, tena nyingi. Lakini tripanosoma amevaa koti la protini, na kingamwili hulishika koti hilo. Mara kingamwili zinapokuwa tayari, baadhi ya tripanosoma wamekwisha kubadili koti. Wale wenye koti la zamani hufa; wenye koti jipya huzaana mpaka mwili utengeneze kingamwili nyingine, nao wakabadili tena. Sandukuni mwao mna mamia ya makoti. Ndiyo maana homa huja na kuondoka, na ndiyo maana mpaka leo hatuna chanjo ya ugonjwa huu. Aina ya brucei hugawanyika katika damu kwa muda wa saa 6 hivi. Kama hakuna cha kuwazuia, mmoja huwa 16 kwa siku moja, na baada ya siku 5 huwa 1,048,576.

Lakini tazameni: koti liko nje. Mgawanyo uko ndani. Tripanosoma aweza kubadili koti kila juma, lakini kila akigawanyika hapana budi azivute kromosomu zake kwa vishikizo vile vile. Hilo ndilo jambo lililowavuta wataalamu.

Mwaka 2005 urithi wote wa Trypanosoma brucei ulitangazwa kuwa umesomwa, wenye jeni karibu 9,000. Kromosomu zake kubwa ni jozi 11, pamoja na vidogo vidogo kama 100. Wataalamu walitafuta CENP-A katika orodha hiyo, wasiione. Wakatafuta protini nyingine za kishikizo zinazojulikana kwa binadamu na hamira, wakapata karibu bure. Tena kromosomu za tripanosoma hazinenepi wakati wa mgawanyo kama za kitunguu, hata mtu avione viuno vyake. Ikawa ni kitendawili: kiumbe huyu anagawanyika kila siku, nacho kishikizo chake hakuna akijuaye.

Utafanya nini? Huwezi kumdunga sungura protini usiyoijua. Bwana Bungo Akiyoshi, Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Oxford pamoja na Bwana Keith Gull, walitumia hila nzuri. Baharini yuko kiumbe laini aitwaye yavuyavu, na aina mojawapo yake ina protini inayong'aa kijani. Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962, na mwaka 2008 akashiriki tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Jeni ya protini hiyo yaweza kuungwa na jeni ya kiumbe mwingine, ikawa kama hereni sikioni mwa ng'ombe. Mabwana hawa walichagua jeni za tripanosoma zisizojulikana kazi yake, lakini ambazo huamka wakati wa mgawanyo. Wakazitia hereni hiyo, ya rangi ya manjano, moja baada ya nyingine, na kutazama. Mojawapo ilionyesha vitone ndani ya kiini, vikijipanga katikati wakati wa mgawanyo, kisha vikienda pande mbili, kama vile vishikizo vifanyavyo.

Walipoipata hiyo moja, kingamwili zikapata kazi. Hawakuwa na kingamwili ya protini mpya, lakini kingamwili ya hereni ilikuwapo, yenye kushika vizuri. Wakavuta kwa hereni, wakapata jamaa zake. Wakawatia hereni jamaa hao, wakavuta tena, wakapata wengine. Mwisho walipata protini 19, wakazitangaza mwaka 2014 kwa majina ya KKT1 mpaka KKT19. Kisha wakafanya ile kazi ya tatu, ya kung'oa kigingi na udongo wake. Udongo ukaonekana ni wa mahali pale pale ambapo wataalamu wengine, kwa njia nyingine kabisa, walikuwa wameonyesha mwaka 2007 kwamba ndipo palipo na viuno. Njia mbili zikakubaliana, na hapo mtu aweza kuamini. Tangu hapo zimepatikana nyingine, na jumla yake imepita 20.

Nimeona fahari kujua kwamba tripanosoma waliotumika katika kazi hiyo asili yao ni Afrika ya Mashariki. Ukoo wao ulitolewa katika mbung'o aliyekamatwa Kiboko, nchini Kenya, kando ya barabara ya Nairobi na Mombasa, mwaka 1970. Ukahifadhiwa na shirika la Afrika ya Mashariki la utafiti wa malale lililokuwa Tororo, Uganda, kisha ukapelekwa Edinburgh, ukapewa namba 927. Ukoo huo ndio uliosomwa urithi wake mwaka 2005, na wajukuu wake ndio waliovikwa hereni Oxford. Kijidudu wa pori letu amekuwa mwalimu wa ulimwengu.

Sasa faida. Dawa ya ugonjwa ni sumu, lakini sumu inayomdhuru kijidudu kuliko mgonjwa. Kijidudu akifanana nasi, sumu yake ni sumu yetu. Dawa moja ya malale yaliyofika ubongoni, melarsoprol, ina aseniki ndani yake, nayo iliwaua karibu wagonjwa 5 katika kila 100 waliotibiwa. Kwa hiyo wataalamu hutafuta kitu ambacho kijidudu anacho nasi hatuna. Kishikizo cha tripanosoma ni kitu cha namna hiyo hasa. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba kemikali fulani, zikiishika KKT10, huvuruga ujenzi wa kishikizo, na tripanosoma hufa. Kemikali hizo hujifunga kwenye sehemu ndogo ya protini hiyo ambayo protini ya binadamu inayofanana nayo haina. Protini za KKT zimo pia katika jamaa wengi wa tripanosoma huyo.

Lakini sitaki kumdanganya babu. Kemikali hiyo ni ya maabara. Haiuzwi dukani wala haijathibitishwa kwa ng'ombe. Kwa watu, habari njema za karibuni zimetoka njia nyingine: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliikubali fexinidazole, dawa ya kumeza, kwa malale ya Afrika ya Mashariki. Kwa ng'ombe, dawa nyingi bado ni za kale. Diminazini, ile ya unga wa manjano, imetumika tangu miaka ya 1950. Nilimwuliza babu aliwapaje ng'ombe wake. Akasema kwamba fedha zilimpungukia, akaigawa dawa ya ng'ombe wanne kwa ng'ombe wote. Moyo wangu uliuma, kwa kuwa kipimo pungufu hakiponyi, tena huwafundisha tripanosoma kuizoea dawa. Wazazi, kama mtakumbuka jambo moja tu katika makala haya, na liwe hilo: ng'ombe apimwe uzito, apewe kipimo kamili, na afisa mifugo aulizwe kwanza.

Wala tusidhani elimu ya kromosomu haijapata kumfaa mfugaji. Kisiwani Unguja, katika miaka ya 1990, mbung'o dume zaidi ya milioni 8, waliofugwa Tanga, walipigwa mionzi na kumwagwa kwa ndege. Mionzi huvunja kromosomu za mbegu zao, hivyo majike waliopandwa nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa Unguja alikamatwa mwaka 1996. Huko ng'ombe hawafi tena kwa nagana. Bara pori ni kubwa na aina za mbung'o ni nyingi, kwa hiyo kazi ni ngumu zaidi. Lakini haikuanza kwa mtu kumwua nzi kwa fimbo. Ilianza kwa mtu kutazama nyuzi katika kioo.

Basi babu, shikamoo. Uliuliza vitone vina faida gani kwa ng'ombe wako. Wale 9 havitawarudisha, na hawa 5 hawatapata dawa yake mwaka huu. Lakini adui yako amekuwa akibadili koti tangu kabla ya babu wa babu yako, na kila tulipomshika nguo alituachia nguo mkononi. Vitone hivyo vyatuonyesha mahali pa kumshika asipoweza kuvua. Kazi iliyobaki ni ya watu watakaoendelea, nami ningependa baadhi yao watoke katika madarasa yetu, wawe wamechunga ng'ombe kabla ya kushika hadubini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita